Zuchu, Nandy au Abigail Chams: ukae na sauti ya nani?

Binti akija kwangu kujifunza kuimba, swali lake la kwanza huwa si la pumzi wala la noti. Huuliza, "Mwalimu, nishike nyimbo za nani?" Namwelewa. Ana simu moja, bando la wiki, na saa moja ya jioni akishatoka kazini. Akiwashika waimbaji watano kwa mpigo, mwisho wa mwezi hana hata mmoja. Wengine hunipigia kwa haja nyingine kabisa: kuna sendofu Jumamosi na MC anataka jina la wimbo, au mama anatafuta muziki wa kusikiliza na watoto ndani ya gari bila kuona haya.

Majina yanayorudi ni matatu, yote ya waimbaji wa Tanzania: Zuchu, Nandy na Abigail Chams. Nimewasikiliza kwa miaka, nimefundisha nyimbo zao, na nimeona zinavyowainua waimbaji wachanga na zinavyowaumiza. Makoo yao hayafanani, na ndiyo maana kuchagua kuna faida.

Ninachopima

Napima vitu vinne. Cha kwanza ni sauti yenyewe: uzito wake, inakaa wapi mwilini, inafanya nini ikipanda na ikishuka. Wengi hupima uwezo wa mwimbaji kwa urefu wa noti anayoifikia, kana kwamba kuimba ni mashindano ya kuruka juu. Noti ya juu ni sehemu ndogo ya kazi. Mwimbaji anayeweza kushuka hadi karibu na mnong'ono, na bado aliyekaa nyuma akalisikia kila neno, amefanya jambo gumu kuliko anayepaza.

Cha pili ni maneno. Kiswahili hakimfichi mwimbaji. Karibu kila silabi inaishia kwa irabu, kwa hiyo koo liko wazi muda wote, na irabu ikiwa chafu inasikika. Halafu kuna mkazo, ambao kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mdundo mzito ukiangukia pasipo pake, neno linapinda. Tamka "barabara" ya magari, kisha tamka "barabara" ya kusema jambo limekaa sawasawa. Herufi ni zile zile, kinachoyatenganisha ni mkazo tu. Mwimbaji mzuri wa Kiswahili analijua hilo hata kama hajawahi kuambiwa na mtu.

Cha tatu ni kazi alizotoa miaka ya karibuni. Cha nne ni jukwaa. Rekodi za siku hizi zina otoyuni ndani yake, ile programu inayonyoosha noti zilizopinda, nami sina ugomvi nayo, ni rangi kama rangi nyingine za studio. Ila ukitaka kulijua koo la mtu, tafuta video yake akiimba na gitaa moja au kinanda. Sikiliza anavuta pumzi wapi, na miisho ya maneno inabaki au inamezwa.

Zuchu

Sauti. Nyembamba, laini, na inakaa mbele ya uso, karibu na pua, pale pale waimbaji wa taarab wanapoiweka. Hilo halishangazi. Zuhura Othman Soud ni mtoto wa Zanzibar, na mama yake ni Khadija Kopa, malkia wa taarab aliyeimba na kundi la Culture Musical Club la Zanzibar kabla ya kuhamia kundi la TOT (Tanzania One Theatre). Sauti ya Zuchu si kubwa, wala hailazimishi kuwa kubwa. Uwezo wake uko kwenye madoido: akifika mwisho wa mstari huichukua irabu moja na kuivunja vipande vidogo, ikapanda, ikashuka, ikatua pale pale alipotaka. Asiyekulia karibu na taarab au kasida hupata tabu kweli kuiga jambo hilo. Nimeona mabinti wakilipata kwa wiki nzima ya kurudia mstari mmoja, polepole, kama mtu anayejifunza kusuka ukili.

Kama unataka somo zima la sauti kwa dakika chache, sikiliza "Mauzauza", wimbo ambao mama na binti wameuimba pamoja. Mama ametoka kwenye zama ambazo sauti ilibidi ipenye katikati ya fidla, kanuni na kinanda, ukumbi umejaa watu wanaotunza. Sauti yake inakuja na kifua. Binti amekulia studio, maikrofoni iko karibu na mdomo, anaweza kunong'ona na bado akakaa juu ya biti. Ukisikiliza mara ya pili na ya tatu unaanza kusikia kwamba mtindo wa kugeuza sauti mwishoni mwa maneno ni mmoja. Kilichobadilika ni nguvu tu. Kwangu mimi huo ndio wimbo wenye thamani kubwa kuliko yote aliyoitoa, na nasikitika kwamba hautajwi sana watu wanapomzungumzia.

Maneno. Hapa Zuchu ana urithi ambao hauuzwi dukani. Kiswahili chake ni cha Unguja, kina mafumbo, kina kijembe kinachokuja kimevaa tabasamu. "Sukari", ya 2021, ni wimbo wa mahaba ambao mtoto anaimba bila kujua lolote na mtu mzima anaelewa kila kitu. Matamshi yake ni safi: herufi "dh" na "th" anazitamka kama zinavyotakiwa, na mkazo mara nyingi umekaa mahali pake hata biti ikiwa ya haraka.

Kazi za karibuni. Alianza na EP, yaani albamu fupi, ya nyimbo saba, I Am Zuchu, mwaka 2020 alipotambulishwa na WCB Wasafi, lebo ya Diamond Platnumz. Albamu yake kamili, Peace and Money, ilitoka mwishoni mwa 2024. Katika albamu hiyo ametanua mbawa kuelekea miziki ya kuchezeka ya Afrika Magharibi na Kusini. Wapo wanaoifurahia kwa sababu hiyo hasa, na kwenye sherehe inafanya kazi. Sikio langu linampenda zaidi pale ambapo prodyuza amemwachia nafasi. Ngoma zikiwa nyingi, sauti nyembamba inageuka kuwa chombo kimoja katikati ya vingi, na yale madoido niliyoyasifu yanapotea.

Jukwaani. Onyesho lake limejengwa juu ya dansi, mavazi na wachezaji. Agosti 2025 alikuwa Kasarani, Nairobi, kwenye fainali ya mashindano ya soka ya CHAN, uwanja mzima ukimtazama. Kucheza na kuimba kwa pamoja kunakula pumzi, na anayekwenda kumwona ajue anakwenda kuona tamasha zima, macho na masikio.

Nandy

Sauti. Nzito kuliko ya Zuchu, ina mkwaruzo kidogo, inatoka kifuani. Kwa hesabu za kwaya ningemketisha na alto, sauti nzito za kike. Faustina Mfinanga ametoka Moshi, akapita THT, ile nyumba ya vipaji ya Dar es Salaam aliyoianzisha hayati Ruge Mutahaba, ambako kuimba na bendi lilikuwa jambo la kila siku. Malezi hayo yanasikika. Anajua kusubiri ala, anajua kuingia nyuma ya mdundo kidogo bila kuchelewa.

Akipanda, Nandy hupanda na kifua chake. Hapo ndipo utamu ulipo na hapo ndipo hatari ilipo. Mwanafunzi wangu mmoja, sauti nyembamba kama uzi, aliombwa kumwimbia dada yake kwenye sendofu kule Tabata. Akachagua wimbo wa Nandy, akauimba kwenye ki ile ile ya rekodi, yaani kimo kile kile cha noti. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kiitikio cha pili sauti ilikatika, akamalizia kwa kuzungumza, na kwa siku nne hakuweza hata kumwita mtoto. Kosa lilikuwa letu sisi wawili. Ki ilitakiwa kubadilishwa ifuate koo lake, nami sikuliangalia mapema.

Maneno. Wazi, ya mazungumzo, bila kuzungukazunguka. "Kivuruge" imechukua neno moja ambalo kila nyumba ya uswahilini inalo, la mtu anayechafua palipotulia, ikalibebesha mapenzi yote. Nandy hakufichi maana. Anachokifanya ni kulirudia neno lile lile kwa hisia tofauti, mara ya kwanza analalamika, mara ya pili anabembeleza, mara ya tatu amechoka. Anayejifunza kuigiza hisia kwa sauti, bila kuongeza noti hata moja, aanze hapo.

Kazi za karibuni. Albamu yake The African Princess ni ya 2018. Baadaye zikaja EP: Wanibariki ya injili mwaka 2020, Taste mwaka 2021, na Maturity mwaka 2022. Tangu hapo ameendelea kwa singo na kolabo, ikiwemo "Dah!" ambayo toleo lake jingine ameimba na Alikiba. Naomba msomaji asiiruke Wanibariki kwa kudhani ni ya kanisani tu. Mle ndani sauti haina haraka, na kwaya inayomjibu nyuma inaonyesha vizuri alivyo na sikio la kuimba na wenzake. Na kama unapenda rumba, "Leo Leo" aliyoimba na Koffi Olomide inamweka mbele ya sauti nzito ya mzee wa Kinshasa, naye hapungui.

Jukwaani. Ana tamasha lake, Nandy Festival, linalokwenda mikoani. Kwa mtu anayetaka kusikia nyimbo za redioni zikipewa uhai mpya, huyu anakidhi haja.

Abigail Chams

Sauti. Safi, nyepesi, na inapita kutoka kifuani kwenda kichwani bila mshono kuonekana. Wanafunzi wengi huvunjika hapo hapo kwenye njia panda hiyo, kwa hiyo kumsikiliza anavyovuka ni darasa. Ni kijana aliyezaliwa 2003, anapiga piano, fidla na ala nyingine, na mtu aliyezoea fidla hawezi kuvumilia noti iliyokaa pembeni, maana fidla haina alama za kumwonyesha kidole kiwekwe wapi. Sikio ndilo linalomwongoza. Msikilize anavyopanga sauti zake mwenyewe juu kwa juu kwenye viitikio, utasikia sikio hilo.

Maneno. Anachanganya Kiswahili na Kiingereza, kama wanavyozungumza vijana wengi wa Dar na Nairobi. Kwa anayeishi hivyo, ni lugha yake ya kweli. Kwa sikio langu, kuna mahali irabu za Kiswahili zinavutwa kuelekea Kiingereza, hasa mwishoni mwa mistari, na ladha ya neno inapungua. Sisemi hivyo kumshusha. Nasema kwa sababu mwanafunzi wangu akimuiga, hicho ndicho kitu cha kwanza anachokiiga.

Kazi za karibuni. "Nani?" aliyoimba na Marioo mwaka 2023 ndiyo iliyowafanya wengi wamtafute jina. EP yake inaitwa 5. Mwaka 2025 "Me Too", akiwa na Harmonize, ilisikika kila mahali, na mwaka huo huo akatajwa kwenye kinyang'anyiro cha tuzo za BET katika kipengele cha wasanii wapya wa kimataifa. Katika "Me Too" mnasikia sauti mbili zisizofanana kabisa zikijibizana, ya kiume imekomaa kwa mtaa, ya kike imenyooka kama maji kwenye glasi. Inapendeza.

Jukwaani. Mpe piano umwache. Anapojipigia mwenyewe hakuna anayeficha chochote, koo na vidole viko mbele yako.

Neno kuhusu dada yao mkubwa

Lady Jaydee, mkongwe wa Bongo Fleva, sikumweka kwenye mizani, kwa sababu mimi humtumia kama mizani yenyewe. Judith Wambura ameimba kwa zaidi ya miaka 20, na "Ndi Ndi Ndi" ya 2016 ilionyesha kwamba sauti ikitunzwa haizeeki haraka. Haipandi sana, haishuki sana, inakaa katikati na kulibeba neno hadi mwisho. Mwanafunzi ambaye bado hajajua sauti yake ni ya aina gani namwanzishia kwa Jaydee kwa wiki tatu, kisha ndipo tunachagua kati ya hawa watatu. Ukiwa na muda, fanya hivyo hivyo.

Kwa haja uliyonayo

Unajifunza kuimba na sauti yako ni nyembamba: nenda kwa Zuchu kama unataka madoido ya pwani, nenda kwa Abigail kama tatizo lako ni kuvuka kwenda sauti ya kichwa. Sauti yako ikiwa nzito, au ukiwa umetoka kwaya na umezoea kusimama na alto, Nandy atakufaa mapema zaidi, na Wanibariki ndiyo ya kuanzia.

Tatizo lako likiwa sikio, yaani unaimba ukiamini uko sawa, huku wenzako wanaona umetoka nje ya ki, mshike Abigail, lakini umshike na kinanda mbele yako. Piga noti moja, imba, sikiliza, rudia. Tatizo likiwa matamshi, mshike Zuchu. Tatizo likiwa kwamba unaimba vizuri lakini watu hawaguswi, mshike Nandy.

Kwa sherehe, tazama nani amekaa ukumbini. Kicheni pati yenye mama wadogo na mashangazi wa pwani inamtaka Zuchu, hawatakaa chini. Bibi harusi anayetaka kuingia polepole, huku anaangaliwa, naona Nandy anampa nafasi ya kutembea na kulia kidogo. "Ninogeshe" wengi wameitumia na bado haijachoka. Harusi ya vijana waliosoma pamoja, wageni wametoka nchi mbili tatu, hapo Abigail hakosei. Lakini kama anayeimba ni mtu wa familia na si DJ, mwambie mpiga kinanda ashushe ki kabla ya siku yenyewe, na mfanye mazoezi kwenye ki hiyo hiyo mara tatu au zaidi.

Kwa watoto ndani ya gari, sikiliza wimbo wote kwanza wewe mwenyewe, kwa wote watatu. Abigail ana nyimbo nyingi zisizohitaji maelezo. Za Zuchu fumbo limewekwa ndani, na mtoto wa miaka kumi siku hizi huuliza.

Kwa mzazi aliye Toronto au London anayetaka mtoto wake asikie Kiswahili, maneno ya Nandy yanashikika haraka kwa sababu yako wazi. Zuchu atafaa zaidi kama kuna bibi nyumbani wa kufafanua, na kwa familia za Kizanzibari zilizoko Muscat huyo bibi kwa kawaida yupo. Mtoto anayeona haya kuzungumza Kiswahili kwa sababu anakichanganya, mpe Abigail, atajisikia hayuko peke yake.

Na ikiwa bado umekwama, chukua wimbo mmoja wa kila mmoja. Imba ubeti wa kwanza bila muziki, jioni, ukiwa umekaa wima, na ujirekodi kwenye simu. Usisikilize usiku huo. Asubuhi, kabla ya chai, jaribu kumsalimia mtu wa nyumbani kwako na uone sauti inatokaje, kisha sikiliza rekodi zote tatu. Wimbo ulioacha koo lako likiwa laini na maneno yako yakasikika, huo ndio wa kushika mwezi huu.